Fonti ya urembo imeharibu lebo? Tafuta chanzo kabla ya kuitupa

Lebo ya sabuni, asali au mafuta ya nazi ikitoka vibaya, anayelaumiwa kwanza ni fonti. Mwenye bidhaa anaifuta, anapakua nyingine, anarudi kwa mchapaji, na tatizo linarudi vilevile. Nashughulika na lebo za wajasiriamali wanaotengeneza bidhaa kwa mikono, na mara nyingi naikuta fonti nzuri kabisa iliyopewa kazi isiyo yake. Imechorwa kubeba jina moja kubwa, sasa inalazimishwa kuandika viambato, uzito na namba ya simu kwenye karatasi ya kaki, tena kwa herufi ndogo.

Ninaposema serifi za urembo nina maana ya fonti ambazo ncha za herufi zake zina vijikia, na juu ya vijikia hivyo mchoraji ameongeza madaha: tofauti kubwa kati ya mstari mnene na mwembamba, mikia inayojipinda, herufi kubwa zenye mapambo. Playfair Display, Cormorant, Abril Fatface, Cinzel na Fraunces ni za kundi hili, na zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts, mkusanyo wa fonti wa mtandaoni. Anza na dalili unayoiona kwenye lebo yako.

Mistari myembamba imepotea, herufi zimekatika

Kwenye skrini jina lilikuwa kamili. Kwenye lebo, "n" imebaki nguzo mbili zisizoungana, na "e" imepoteza mstari wake wa katikati hadi inasomeka kama "c". Hii ndiyo dalili inayosumbua wengi, na ina vyanzo vitatu: fonti, printa au karatasi.

Ili kuvitenganisha, chapa faili lilelile, kwa ukubwa uleule, kwenye karatasi nyeupe nyororo kwa printa nzuri ya leza. Mistari isiporudi, fonti ni nyembamba mno kwa ukubwa huo na hakuna printa itakayokuokoa. Ikirudi, chapa tena kwenye karatasi hiyohiyo nyeupe kwa printa unayotumia siku zote. Ikipotea hapo, mkosaji ni printa. Ikibaki, mkosaji ni karatasi ya lebo.

Kwa upande wa fonti, ukoo unaoleta taabu ni ule uliotokana na kazi za Giambattista Bodoni wa Parma na familia ya Didot ya Paris, mwishoni mwa karne ya 18. Herufi zao zina nguzo nene zinazosimama jirani na mistari myembamba sana, na uzuri wake wote uko kwenye tofauti hiyo. Lakini mistari ya namna hiyo inadai karatasi ya kuipokea. Kabla yao, katika miaka ya 1750, John Baskerville wa Birmingham alikuwa akibana karatasi zake kati ya mabamba ya shaba yenye moto ili ziwe nyororo kiasi cha kuonyesha herufi zake vizuri. Karatasi ya kaki ina nyuzi na mabonde. Unga wa printa ya leza haufiki vizuri ndani ya mabonde hayo, kwa hiyo mstari mwembamba unakatika. Wino wa maji nao unafyonzwa na kuenea, hivyo mstari unanenepa na matumbo ya "a" na "e" yanaziba. Dalili ni mbili zinazopingana, na karatasi ni ileile.

Kuna jambo jingine la kaki ambalo watu hugundua wakiwa wameshalipia: printa za kawaida hazina wino mweupe. Herufi nyeupe ulizoziona kwenye skrini juu ya rangi ya kahawia zitatoka bila kitu chochote, karatasi tupu. Ukitaka nyeupe juu ya kaki, muulize mchapaji kama anaweza kuchapa kwa skrini au ana mashine yenye wino mweupe, na uulize kabla ya kuchagua fonti, maana wino huo nao una unene wake.

Kwa upande wa printa, piga hesabu. Printa nyingi ndogo za lebo zinazotumia joto zina nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 kwa milimita. Nukta moja ina upana wa milimita 0.125. Sasa chukua fonti ambayo mstari wake mwembamba ni sehemu moja ya hamsini ya ukubwa wake. Ukiiandika kwa pointi 14, ambayo ni karibu milimita 5, mstari huo unapata unene wa milimita 0.1. Ni mwembamba kuliko nukta moja. Printa itaamua yenyewe iuchape au iuache, na haitaamua sawasawa kwenye kila herufi. Ndiyo maana "n" moja inatoka nzima na inayofuata inatoka imekatika.

Marekebisho yana mpangilio wake. Kwanza kuza jina, maana lebo nyingi zina nafasi tupu isiyotumika. Pili, tafuta unene mwingine wa fonti hiyohiyo uliochorwa na mchoraji mwenyewe; Playfair Display, kwa mfano, ina unene kuanzia wa kawaida hadi mzito kabisa. Usibonyeze tu kitufe cha B (cha kunenepesha) kwenye fonti isiyo na unene wa pili kama Abril Fatface. Programu itapaka herufi rangi ya ziada pembeni, matumbo yatajaa, na mistari myembamba haitapona vizuri. Tatu, hama ukoo: Libre Caslon Text, Alegreya na Libre Baskerville zina madaha ya kutosha, na mistari yake inastahimili karatasi ngumu. Fraunces nayo ina faida ya pekee, kwani imechorwa kwa vipimo tofauti ndani ya faili moja. Ya maandishi madogo ina mistari minene zaidi, na ya maandishi makubwa imekonda. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua kipimo hicho, chagua cha maandishi madogo.

Kama hutumii karatasi kabisa, kuwa mkali zaidi. Muhuri wa kugandamiza kwenye sabuni unanasa vipande vya sabuni ndani ya vijikia vyembamba, na kadiri unavyoutumia ndivyo herufi zinavyoziba. Muhuri wa mpira unatanuka ukibonyezwa kwa nguvu. Lebo ya kitambaa iliyodariziwa inategemea unene wa uzi, na herufi ndogo zenye kimo cha chini ya milimita 5 hivi huanza kuungana. Kwa kazi hizi zote napendelea serifi nene zenye vijikia vya mraba au vilivyoviringwa, hata kama kwenye skrini zinaonekana za kishamba. Mguso wa mkono ndio unaozipendezesha.

Watu wanalisoma jina vibaya, au linakatika kama maneno mawili

Jaribio: mwonyeshe lebo mtu asiyelijua jina, umbali wa mkono mmoja, kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha ifiche. Aseme alichosoma. Usimsaidie.

Chanzo cha kwanza ni herufi kubwa za mapambo kupangwa zote pamoja. Herufi kubwa yenye mkia mrefu imechorwa ianze neno, kisha herufi ndogo zifuate. Ukiandika SABUNI YA MWANI yote kwa herufi hizo, mikia inagongana na jicho halijui lishike wapi. Weka pambo kwenye S peke yake, au kwenye S na M.

Chanzo cha pili kinatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Fonti nyingi za mitindo hii zina mizizi katika maandishi ya Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano, lugha ambazo K na W ni wageni. Cinzel, kwa mfano, imetokana na maandishi ya Kirumi yaliyochongwa kwenye mawe, na Warumi hawakuwa na W, J wala U kama tunavyozijua, kwa hiyo herufi hizo mchoraji amezibuni mwenyewe. Kiswahili kinajaa K, W, Y, Z na A. Hivyo usiihukumu fonti kwa neno la mfano la Kiingereza lililo kwenye ukurasa wake. Andika maneno yako mwenyewe: kwa mfano "Mwambao", "Kizimkazi", "Ukwaju", "Nyuki wa Kigoma". Angalia kama K ina mguu unaosukuma herufi inayofuata mbali, kama W ni pana kuliko wenzake, kama z ndogo inafanana na 2. Nimeacha fonti kadhaa nilizozipenda kwa sababu ya K tu, na sijutii.

Halafu kuna nafasi. A, W, V, Y na K zina mistari ya mshazari, na zikikaa jirani huacha mashimo. Neno KAWA au YAVUYAVU kwa herufi kubwa, kwa fonti ya bure iliyotengenezwa kwa haraka, linaweza kusomeka kama KA WA. Fonti iliyofanyiwa kazi vizuri ina nafasi zilizorekebishwa kwa kila jozi. Kama yako haina, fungua jina kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni bure, weka kasa (alama ya kuandikia inayopepesa) kati ya herufi mbili, shika Alt na utumie mishale ya kushoto na kulia kuzisogeza. Fanya hivyo kwa jina tu, mara moja, kisha ulihifadhi kama mchoro wa nembo.

Jina linasomeka, viambato havisomeki

Hapa sina subira: ondoa fonti ya urembo kwenye maandishi madogo. Yote. Jina libaki nayo, na pengine neno moja la chini yake kama "Asali ya Msituni". Viambato, tarehe, anwani na namba ya simu viandikwe kwa fonti ya wazi isiyo na serifi, au serifi tulivu iliyochorwa kwa kusomwa.

Mama zetu na wachapaji wa kanga walishalimaliza swali hili zamani. Madaha yote ya kanga yako kwenye pindo na mji. Jina, yaani ule ujumbe wenyewe, huandikwa kwa herufi kubwa za wazi, lisomeke hata mvaaji akiwa anatembea. Lebo inaweza kugawana kazi hivyohivyo.

Ukitaka kujua kwa nini fonti mbili za pointi 8 hazilingani kwa macho, pima kimo cha x, yaani urefu wa herufi ndogo kama x, a na n zisizo na shina la juu wala mkia wa chini. Cormorant ina kimo cha x kifupi na mashina marefu, na ndipo ulipo urembo wake. Playfair Display ina kimo kirefu. Hili lina uzito wa kisheria pia kwa anayeuza nje. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011 kuhusu vyakula inataka maelezo ya lazima yawe na kimo cha x kisichopungua milimita 1.2, au milimita 0.9 kama upande mkubwa zaidi wa kifungashio uko chini ya sentimita 80 za mraba. Kwa fonti yenye kimo cha x cha asilimia 50 ya ukubwa wake, milimita 1.2 inapatikana kwenye pointi 7 hivi. Kwa yenye asilimia 40, inabidi uende pointi 8.5. Kwa muuza asali au viungo mwenye lebo ndogo, tofauti hiyo ni mistari kadhaa. Kwa soko la nyumbani Tanzania, waulize Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo kabla ya kuchapa, kwa Kenya waulize KEBS, shirika la viwango la huko, maana kuchapa upya ni gharama yako.

"100 g" inaonekana kama "Ioo g"

Tarakimu zimepanda na kushuka, sifuri imekuwa ndogo kama herufi o, 5 imening'inia chini ya mstari. Fonti haijaharibika. Hizo ni tarakimu za mtindo wa kale, zilizochorwa zikae ndani ya sentensi pamoja na herufi ndogo. Playfair Display na Georgia huzitoa hizo kwanza. Ndani ya habari ndefu zinapendeza. Kwenye uzito na bei zinaleta mashaka, na mnunuzi hapaswi kuwa na mashaka juu ya uzito.

Playfair ina tarakimu za kimo kimoja pia, ila zimefichwa kwenye mipangilio ya fonti, na si kila programu inaifungua. Njia fupi ni kuandika uzito kwa fonti ileile ya maandishi madogo. Kimo chake nacho kinaweza kuwa na masharti. Katika Umoja wa Ulaya, kwa bidhaa ya zaidi ya gramu 50 hadi 200 tarakimu za uzito zinatakiwa ziwe na milimita 3 angalau, na kwa zaidi ya 200 hadi kilo moja, milimita 4.

Herufi moja imetoka na sura tofauti, au kisanduku kitupu

Fonti haina alama hiyo, na programu imeazima kutoka fonti nyingine. Alama ya kwanza ya kuangalia kwetu ni ile ya juu kwenye ng', kwa sababu fonti nyingi za mapambo za bure zina alfabeti na hazina kingine. Andika "Ng'ambo" au "ung'avu" kabla hujaipenda. Wanaochapa lebo kwa Kiswahili na Kifaransa huko Bukavu, Goma au Bujumbura waangalie na é, è na ç.

Dalili ya jirani: umetanua nafasi za herufi kwenye neno "safi", halafu "s" na "a" zimeachana lakini "fi" zimeng'ang'aniana. Fonti imeziunga f na i kuwa umbo moja. Zima miungano ya herufi kwenye mipangilio, au usitanue herufi ndogo. Mimi huchagua la pili, kwa sababu herufi ndogo zenye serifi hazipendezi zikitawanywa. Herufi kubwa ndizo zinazostahimili nafasi.

Fonti nzima imebadilika kwa mchapaji

Ulituma faili la Word, na kompyuta ya steshenari haina fonti yako. Ikaweka Times New Roman au chochote ilichonacho. Tuma PDF, kwa kuwa PDF hubeba fonti ndani yake, na jina la nembo ligeuze kuwa michoro kabisa: kwenye Inkscape ni menyu ya Path, kisha Object to Path. Tunza nakala ya awali inayoweza kuhaririwa, kwani baada ya kugeuza huwezi tena kusahihisha tahajia.

Kama fonti ni yenyewe lakini kingo zina ukungu na madoadoa, ulituma picha kwa WhatsApp na ikabanwa njiani. Tuma kama dokumenti. Serifi za urembo ndizo zinazoumia zaidi hapo, kwa sababu ukungu huanzia kwenye mistari myembamba.

Kila kitu kimechapwa vizuri, lakini lebo haifanani na bidhaa

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote, na haina jaribio la printa. Sabuni ni ya mwani, imekatwa kwa mkono, kingo hazilingani. Lebo inaonekana ya manukato ya dukani uwanja wa ndege. Chanzo ni kwamba ukoo wa Bodoni na Didot umeshikamana na mitindo ya mavazi na vipodozi vya bei kubwa. Jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa herufi za Didot, na wengine wengi wamefuata. Macho yameshazoea kuzisoma hivyo. Ukiuza mafuta ya uso kwa watalii wa hoteli, huenda ndicho unachotaka. Ukiuza asali ya nyuki wadogo kwenye chupa ya kioo, unajificha.

Weka bidhaa yenyewe mezani, uchi, bila lebo. Itazame kingo zake. Bidhaa yenye kingo laini na rangi ya udongo inakubaliana na herufi ambazo mnene na mwembamba hupishana taratibu, kama Caslon, iliyochongwa London na William Caslon katika miaka ya 1720, au Fraunces yenye maumbo ya mviringo. Kikapu cha ukili au kinyago kinaweza kubeba Cinzel, kwa kuwa asili yake ni patasi na jiwe. Ila kumbuka Cinzel haina herufi ndogo za kweli, kila neno litakuwa kubwa, kwa hiyo jina refu litaishiwa nafasi. Mshumaa mweupe ulionyooka unaweza kuvaa Cormorant kwa ukubwa mzuri.

Kisha angalia rafu. Kama jirani yako wa maonyesho ana jina la serifi nyembamba na chini yake mwandiko wa kujikunja, na wewe pia, wote mmetoka kwenye kiolezo kimoja cha Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni. Huhitaji kutafuta fonti ya ajabu. Ondoa mwandiko wa kujikunja, nenepesha jina, badili uwiano wa ukubwa, na tayari mmeachana. Fonti mbili kwenye lebo moja zinatosha. Ya tatu kwa kawaida imekuja kuficha mpangilio dhaifu.

Umepata ujumbe kutoka kwa mwenye fonti

Ulipakua fonti iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi binafsi, na lebo ya kuuza bidhaa si matumizi binafsi. Nunua leseni au badilisha. Fonti zenye leseni ya SIL Open Font License, zikiwemo zote tano nilizozitaja mwanzoni, unaruhusiwa kuzitumia kwenye biashara bila malipo. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Faili la leseni huja pamoja na fonti, lihifadhi kwenye folda ya lebo.

Herufi zinachujika au zinatia doa ukishika kwa mkono wenye mafuta

Hapa fonti haihusiki. Wino wa maji wa printa ya nyumbani hautavumilia bafuni wala chupa ya mafuta ya nazi, hata uandike kwa fonti gani. Omba stika ya plastiki iliyochapwa kwa leza au iliyowekewa lamineti, bandika moja kwenye chupa halisi, ipake mafuta, iloweshe, iache hadi kesho, ndipo uagize zilizobaki.